Mstari wa Dakika ya Hamsini

Mgeni alikuwa akihesabu misumari.

Bupe alimwona kupitia upenyo wa mlango wa stoo. Bupe mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, maharage yamejaa ungo, na vidole vyake havikusimama: jiwe huku, bovu kule, zima linabaki. Yule mgeni, mwanamke mrefu mwenye koti la kijivu, alisimama mbele ya ubao uliopigiliwa kando ya mlango wa jiko la shule, akagusa msumari wa kwanza kwa ncha ya kidole, wa pili, wa tatu, mpaka wa arobaini. Kisha akaanza upya kutoka mwisho. Mtu anayehesabu kitu kimoja mara mbili, aliwaza Bupe, anatafuta kitu kingine kabisa.

"Mama, watoto wa zamu leo wako wangapi?" mgeni aliuliza.

"Sita," alijibu Mama Ipyana, mpishi mkuu, mwiko ukiwa bado sufuriani.

"Na misumari yote mitupu. Kupe zao ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Zimehifadhiwa, mwanangu. Mvuke unaziua. Humu hatupikii kuni za bibi yako, tunapikia pumzi ya mlima. Ukiingia na hilo dude sikioni, unatoka nalo limeiva."

Watoto wa zamu walicheka. Mgeni hakucheka. Aliliangalia bomba nene lililoshuka kutoka mlimani na kupita ukutani likitoa harufu ya yai viza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali kitu kimoja na kubakiza kingine, akaja moja kwa moja stoo.

Chini ya kilemba cha Bupe, nyuma ya masikio yake, kupe sita zilikuwa zimegandia ngozi, tatu kulia na tatu kushoto.

"Wewe ndiye Bupe? Mjumbe wa Baraza la Shule?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Dokta Byera, natoka Taasisi ya Vipimo. Keshokutwa, Alhamisi, nitakuwa kwenye kikao chenu cha vigezo vya kuhitimu." Alitazama ungo. "Umesoma mpaka wapi, Bupe?"

"La saba."

"Basi nitaeleza polepole."

"Nitashukuru."

Dokta hakuondoka. Macho yake yalipanda kutoka kwenye vidole vya Bupe hadi kwenye kilemba, yakakaa hapo.

"Kilemba kizuri," alisema, kisha akaenda zake.

Bupe alichambua ungo ule mpaka mwisho. Hakuna jiwe lililompita. Lakini makwapa yake yalikuwa yamelowa.

*

Jina la kitabuni la lile dude lilikuwa kipima-umakini. Watoto waliliita kupe, kwa kuwa lilikuwa dogo kama punje ya mbaazi na liking'ang'ania nyuma ya sikio halitoki mpaka ulibinye ubavuni. Halikujua unachofikiri. Lilijua tu kama akili yako imetulia mahali pamoja au inarukaruka. Kila dakika liliweka nukta, nukta zikawa mstari, na mstari ukaenda wenyewe hadi kwenye mitambo ya Taasisi huko mjini. Akili ikiruka, mstari unaruka.

Kupe haikujua imevaliwa na nani. Sheria ya siri za watoto ilikataza isijue uso, isijue damu, isijue hata mahali. Ilijua namba yake na ilijua saa, basi. Waliotunga sheria hiyo walikuwa na nia njema, na hawakuwahi kufika kwenye jiko la Shule ya Maandalizi ya Chuo ya Kilasi, pale miteremkoni Rungwe.

Pale Kilasi, kila mwanafunzi alikuwa na zamu ya jiko, saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri. Kazi ya mikono ilikuwa sharti la kuhitimu tangu shule ianze, pamoja na masomo manane na mtihani wa wiki mbili. Zilipoletwa kupe, mvuke ukawa unaziharibu, ndipo ukapigiliwa ule ubao: mtoto akiingia jikoni atundike kupe yake kwenye msumari wa namba yake. Lakini kupe iliyotundikwa huandika saa tupu. Mtoto alitoka jikoni mikono imebabuka, na kwenye kioo cha matokeo darasani jina lake limeshuka kama la mvivu aliyelala.

Miaka miwili nyuma, Atuganile, mdogo wake Bupe, alikuwa amesimama mlangoni analia kwa hasira, kupe mkononi.

"Nishikie, dada."

Bupe alikuwa stoo, pakavu, anachambua maharage ya kesho. Akaipokea, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, akaibandika nyuma ya sikio. Hakuona tofauti na kumshikia mama mtoto wake anapojitwika ndoo. Kesho yake akaja mwenzake Atuganile: dada Bupe, nishikie na mimi. Kwao, mtu akikuomba umshikie kitu, humuulizi ni cha nini. Baada ya mwezi ikawa ndiyo desturi ya jiko, na misumari ikabaki pambo. Hakuna aliyeona kuwa wanaiba. Waliona wanarudishiwa saa zao.

Bupe peke yake ndiye aliyewahi kujiuliza kule mjini wanaona nini. Aliuliza moyoni, akaacha.

*

Jumatano asubuhi Mwalimu Mkuu, Mwandemele, aliingia stoo. Miaka minne Bupe alikuwa kazini pale, na hakuwahi kumwona mwalimu huyo akivuka kile kizingiti.

"Rasimu ya vigezo," alisema, akaweka karatasi mbili juu ya gunia. "Wajumbe wote wamepewa."

"Ahsante, mwalimu. Nitasoma. Mimi husoma taratibu."

"Huna haja ya kusoma yote. Kwa kifupi, mtihani unaondolewa. Watoto watahitimu kwa saa zao za umakini. Shule yetu ndiyo itakuwa mfano kwa shule zote kumi na tisa za kanda. Ni heshima kubwa, Bupe. Kwa kila mmoja wetu."

"Ni kweli, mwalimu."

"Halafu, ule ubao umechakaa. Nimemwambia fundi aung'oe leo."

"Ubao upi?"

"Ule wa misumari."

Aliyasema hayo akitazama dari, akatazama gunia, akatazama saa yake. Ubao ulikuwa hatua tatu nyuma yake na mlango uko wazi, wala hakugeuka. Bupe alimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona ya bweni. Mtu akisema kitu kimechakaa, kwa kawaida hukitazama. Huyu anajua, aliwaza. Anajua siku nyingi.

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno mazito, lakini alielewa: ili ahitimu, mwanafunzi awe na saa mia moja na ishirini za "umakini wa kina". Ukurasa wa pili ulikuwa na mchoro. Mstari mmoja mweusi, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Chini yake iliandikwa kwamba mstari huo umepatikana kwa wanafunzi thelathini na tisa wa Kilasi, na haujaonekana kwa mtoto mwingine yeyote katika shule zile nyingine.

Mstari ulinyooka, ukanyooka, na kwenye dakika ya hamsini ukabonyea kidogo. Ukakaa chini dakika tatu. Ukapanda tena na kuendelea kama hakuna kilichotokea.

Bupe alisoma maelezo ya kile kibonyeo mara tatu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja, mpaka Mama Ipyana akachungulia.

"Una nini wewe?"

"Njoo uone, mama. Hapa. Wanasema hili ni pumziko la asili la ubongo wa mwanafunzi bora. Wanasema kila anayehitimu lazima awe nalo, dakika ya hamsini, dakika tatu."

"Sasa kinachochekesha ni nini?"

"Dakika ya hamsini unanigongea nini kila siku?"

Mama Ipyana alifikiri. Kila alasiri, maharage ya jioni yakishachemka vya kutosha, alikuwa akigonga sufuria mara mbili kwa mwiko, na Bupe akaweka ungo chini, akaja kuongeza maji ya baridi, akarudi stoo.

"Maji," alisema Mama Ipyana taratibu. "Kwa hiyo wanataka watoto wa kanda nzima waende kuongeza maji kwenye maharage?"

Kicheko cha Bupe kilikauka hapo hapo. Alitazama tena mchoro. Ulikuwa yeye. Kila nukta ilikuwa yeye.

*

Alasiri ile fundi alikuwa ameshaung'oa ubao. Ukutani palibaki mraba mweupe usio na masizi. Atuganile aliupita kama hauoni, akaingia stoo na kuketi juu ya gunia, miguu ikining'inia. Alikuwa na miaka kumi na minane, na hakuwahi kukaa bila kutikisa kitu.

"Umesikia?" alisema. "Saa mia na ishirini. Mimi ninazo mia na arobaini na sita. Zamu zote za watu nilizochukua nikija kupiga soga na wewe zimenilipa. Tumehesabu darasani: tunahitimu tisa. Tisa tu, dada, na mimi mmoja wao. Mimi niliyepata alama ishirini na nane kwenye mtihani wa majaribio!"

"Wale wengine?"

"Wana miezi minne ya kujaziliza. Waje jikoni." Alicheka. "Utaota kupe kichwa kizima."

"Na Tumpe?"

Atuganile aliacha kutikisa mguu. Tumpe alikuwa na kifua kibovu. Daktari alimwandikia tangu mwanzo asikanyage kwenye mvuke, na kazi ya mikono aliifanyia maktaba. Ndiye pekee kati ya watoto arobaini aliyekosekana kwenye wale thelathini na tisa.

"Tumpe ana sifuri," alisema Atuganile. "Lakini watamfikiria. Ana cheti."

"Ulisikia wapi mashine ikimfikiria mtu?"

"Basi mwalimu atamfikiria."

"Na wa zile shule nyingine? Nao wana mtu wa kuwaongezea maji kwenye maharage?"

Mdogo wake hakuelewa. Bupe alimpa karatasi, akamwonyesha kibonyeo, akamweleza. Atuganile alisoma haraka kama kawaida yake, macho yakiruka huku na huku, na Bupe aliuona uso ule ukifunguka kwa mshangao kisha ukijifunga polepole.

"Usiseme," alisema Atuganile.

"Sijasema kitu."

"Nakujua. Ukinyamaza namna hiyo unapanga. Dada, nisikilize. Mtihani siuwezi. Nikipewa swali moja nafikiria mambo kumi, muda unaisha. Hii ndiyo njia yangu. Miezi minne tu, niko chuo."

"Kwa kichwa changu."

"Kwa kichwa chako, ndiyo. Kwani kosa? Mama alipouliza kati yetu nani aendelee na shule, wewe ndiye uliyesema mimi. Hukulazimishwa. Sasa nimefika mlangoni unataka kunirudisha?"

Bupe aliokota jiwe, akalitupa kwenye kopo. Likalia. Kila neno alilosema mdogo wake lilikuwa kweli. Nje, kengele ya saa tisa iligonga. Atuganile alibinya kupe yake ikatoka, akainyoosha kwa dada yake kama siku zote.

"Nishikie," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Bupe alichelewa kunyoosha mkono. Lakini akaipokea.

*

Alhamisi Baraza lilikutana maktaba, wajumbe tisa, mchana kweupe, mvua ya Rungwe ikipiga bati. Bupe alikuja na ungo umefunikwa kwa kanga.

"Binti, umetuletea chakula?" aliuliza Mzee Mwasomola, mwakilishi wa wazazi, babake Tumpe.

"Bado hakijaiva, baba."

Dokta Byera aliwasha kioo cha ukutani, ule mstari ukatokea, mkubwa, mweusi, urefu wa meza. Alieleza vizuri. Hata Bupe alikubali moyoni kwamba alieleza vizuri. Alisema mtihani hupima wiki mbili za mtoto, kupe hupima miaka. Alisema watoto wa Kilasi wameonyesha kitu ambacho Taasisi haikudhani kinawezekana kwa umri huo. Kama wao wameweza, wa kwingine watafundishwa, na atakayeshindwa, chuo si mahali pake.

"Kuna swali?" aliuliza Mwalimu Mwandemele, macho yakiwa tayari kwenye karatasi za kura.

"Ninalo," alisema Bupe. "Dokta, mwenye mstari huo, akipatikana mmoja, anahitimu?"

"Siku hiyo hiyo."

"Hata kama hesabu zimempita? Hata kama kitabu anasoma kwa kidole?"

"Bupe," alisema Mwalimu Mkuu.

"Mwache aulize," alisema Dokta. Alikuwa anamtazama Bupe vilevile kama juzi, kuanzia vidole kupanda juu. "Ndiyo. Hayo yote hufundishika. Mwenye mstari huu anaweza kujifunza jambo lolote duniani. Hakuna mlango ambao ningemfungia."

Maneno hayo yalimpata Bupe mahali ambapo hakuwa amejiandaa. Alijiona ana miaka kumi na mitatu, sare imeshakunjwa na kuwekwa sandukuni. Hakuna aliyemwambia hivyo wakati ule. Angeweza kukaa chini. Mdogo wake angepita, naye angeendelea kujua siri moja nzuri juu ya nafsi yake mwenyewe.

Akatoa kupe kwenye pindo la kanga. Asubuhi ile alikuwa amemwomba Tumpe amwazime.

"Naomba nafasi ya mjumbe. Dakika hamsini na tatu."

"Hamsini na tatu?" Mwalimu Mwandemele aliinuka nusu. "Kuna ajenda nyingine."

"Kanuni ya sita," alisema Mzee Mwasomola, ambaye alipenda kanuni. "Mjumbe husikilizwa mpaka amalize. Uliitunga mwenyewe, mwalimu, mwaka ule ulipohutubia mpaka wali ukapoa. Sisi tulikusikiliza mpaka mwisho, na wewe msikilize."

Bupe aliondoa kilemba, akabandika kupe nyuma ya sikio mbele ya wote, akafunua ungo. "Dokta, fungua namba thelathini na moja."

Kwenye kioo ikatokea namba, na chini yake: saa za kina, sifuri.

"Hiyo ni namba ya mwanangu," alisema Mzee Mwasomola. "Sifuri? Mwanangu ana sifuri?"

Bupe alianza kuchambua. Jiwe huku, bovu kule. Mwanzoni mstari uliyumba, kwa kuwa alisikia viti vikisogea na mtu akikohoa. Kisha maharage yakamchukua kama yalivyomchukua kila siku, mekundu, yenye madoa, kila moja likiwa na uso wake. Ukutani mstari ulilala chini ya ule wa Dokta, ukanyooka. Wajumbe waliacha kunong'ona. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Mwalimu wa hesabu alisogeza kiti karibu na kioo akavua miwani.

Dakika ya hamsini hakuna aliyegonga sufuria. Lakini mkono wa Bupe ulisimama wenyewe, akaweka ungo mezani, akanyanyuka, akaenda hadi mlangoni. Alisimama pale akitazama mvua, kwa kuwa hapakuwa na sufuria. Dakika tatu. Akarudi, akaketi, akaendelea. Ukutani, mistari miwili ilikuwa imebonyea mahali pamoja.

"Nimemaliza," alisema, akabinya kupe ikatoka, akaiweka mezani.

Mwalimu Mwandemele alitazama dari.

"Dokta," Bupe alisema, "juzi ulihesabu misumari."

"Nilihesabu."

"Ukaona ni mitupu, na watoto wako ndani."

"Niliona."

"Na kigezo ukakileta hivyo hivyo."

Dokta Byera hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Bupe wasiwasi kuliko yote. "Mstari ulikuwa mzuri mno," alisema. "Nimeutafuta miaka kumi na moja. Sikutaka kuuliza unatoka wapi." Alichukua kalamu, akavuta karatasi safi, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeona bidhaa nzuri gulioni na hataki muuzaji ajue. "Jina lako kamili?"

"Kwanza futa."

"Nini?"

"Kile kigezo. Futa, halafu uniulize jina."

Dokta alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu bado alikuwa anatazama dari. Mzee Mwasomola alikuwa amesimama, ngumi mbili juu ya meza. Dokta akapitisha kidole kwenye kioo kutoka juu hadi chini, na mstari mkubwa ukatoweka. Ukabaki mdogo wa namba thelathini na moja, ambao haukuwa wa Tumpe.

Saa za kina za watoto wote arobaini zilifutwa siku hiyo hiyo. Mtihani ulirudi, ufanywe baada ya miezi minne. Bupe alitaja jina lake, jina la baba na la babu, na Dokta akaliandika kwa utulivu, akarudia kulisoma herufi kwa herufi. Mgeni alipoondoka, Bupe alipapasa meza kuitafuta ile kupe. Haikuwepo.

*

Mama Ipyana aliupigilia ubao mwenyewe, kwa mgongo wa shoka. Watoto wakarudi kutundika. Msumari wa thelathini na moja, ambao Tumpe hakuwahi kuutumia, ulibaki mtupu, na kila Bupe alipoupita alijiuliza ile kupe iko juu ya meza ya nani sasa, na barua yenye jina lake itafika siku gani, na itaomba au itaamuru.

Siku tatu Atuganile hakusema naye. Siku ya nne alasiri aliingia stoo, akavuta kigoda cha pili, akachota maharage kwenye ungo mwingine. Alichambua vibaya kama zamani. Anaokota moja, anatazama dirisha, anaokota jingine.

"Tumpe amesema tutasoma pamoja," alisema mwishowe, macho dirishani. "Anasema yeye atashika saa, mimi nikianza kufikiria la pili ananipiga teke. Sijakusamehe, usidhani."

"Sijadhani."

"Vizuri." Akaokota jiwe, akaligeuza. "Dada, kwa nini mawe yote yanalingana na maharage?"

"Mashine ya kiwandani inapepeta kwa ukubwa. Jiwe kubwa linabaki, dogo linadondoka. La saizi ya haragwe linapita."

"Ina macho lakini haina masikio."

"Nini?"

"Ukitupa jiwe kwenye kopo linalia. Haragwe halilii hivyo." Alikuwa ameacha kuchambua kabisa. "Ukiweka bati limelala mteremko, ukayamwaga juu yake yakashuka moja moja, jiwe litalia tofauti. Ukipata kitu cha kusikia hiyo sauti, na kitu cha kulipiga kofi liende pembeni... Haihitaji hata mashine kubwa. Kipande cha bati, na labda sikio la ile redio mbovu ya bwenini. Halafu ukiweka mabati mawili, la pili likamatie yaliyolikwepa la kwanza..."

Aliendelea hivyo, mikono ikichora hewani, akiruka kutoka bati kwenda redio kwenda kahawa ya wajomba zake kwenda mvua inavyolia juu ya paa la maktaba. Kama angekuwa na kupe sikioni, mstari wake ungekuwa kama mlima uliovunjika. Bupe alimsikiliza. Alimsikiliza hadi Mama Ipyana akagonga sufuria mara mbili, akagonga tena mara mbili, akaja mwenyewe mlangoni na mwiko.

"Maji!" alisema Mama Ipyana. "Leo mmelala?"

Kesho yake jioni, maharage waliyochambua wawili wale yalipopakuliwa, kwenye meza ya walimu palisikika kitu kikipasuka. Mwalimu Mwandemele aliacha kutafuna, akaweka kiganja shavuni, akatema jiwe ukingoni mwa sahani. Miaka minne hakuwahi kukuta hata moja. Akaligeuza kwa uma, akainua macho taratibu, akatazama jikoni.

Bupe alikuwa anamtazama tangu zamani.